Nyumba ya Tatu Bwawani

Jumamosi, 7 Novemba 1998
Nahesabia ofisi ya maji nyumba: kumi na mbili tu kutwa nzima. Bwawa la maji ya chumvi, majani mafupi, heroe, nyumba moja. Halafu hakuna kitu mpaka macho yaume. Huku ukipiga chafya hakuna wa kukuombea rehema. Mutiso, dereva wetu Mkenya, anaimba nyimbo za kanisani. Nnamwacha.

Jumapili, 8 Novemba
Kwa Bi Moza, mjane. Vijumba vitatu vya makuti ya mtende: chake, cha dada yake, na cha mwanawe aliyehamia mjini, kitupu. Amri ya ofisi: pasipo nyumba tatu, gari la maji halendi. Nkamweleza. Kisima chao chumvi tupu. Bila gari watahama. Alhamdulillahi, tatu zimetimia. Kahawa yake nzuri.

Jumatatu, 9 Novemba
Mjinga mimi. Mutiso alisema tuzunguke. Nkamwambia kata hapo peupe, pakavu. Kumbe gamba la chumvi tu, chini tope. Gari likazama mpaka milangoni, na bahari inajaa. Tulichimba kwa sahani. Nlilia, sioni haya kuandika.

Bi Moza na dada yake walituona. Wakakibomoa kijumba cha mwana, ukuta baada ya ukuta, wakatandika makuti chini ya magurudumu. Tukatoka. Mungu awalipe, mimi siwezi.

Nkamuuliza Bi Moza, umesahau nliyokwambia jana? Akasema, "Sikusahau. Mlikuwa mnazama."

Jumanne, 10 Novemba
Fomu sijaijaza. Nkiandika mbili, nimewafukuza walioniokoa. Nkiandika tatu, uongo. Miaka kumi na sita kazini sijadanganya karatasi. Hasira zote nimemmalizia Mutiso, maskini. Kaenda shamba la mitende, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kaja na gari limejaa makuti.

Jumatano, 11 Novemba
Tumejenga. Mikono imechanika. Bi Moza kanicheka fundo langu, kalifungua, kalifunga upya. Ukuta mmoja umepinda. Umesimama lakini.

Alhamisi, 12 Novemba
Asubuhi nimemkuta kafagia mle ndani, katandika mkeka, kaweka mto na birika. Nkadhani mwanawe anarudi. "Harudi," kasema. "Hii yako, binti yangu. Ukija, usipige hodi."

Nkavua viatu, nkaingia.

Ijumaa, 13 Novemba
Nyumbani mjini, Al Khuwair. Magari barabarani hayanyamazi. Nimepika wali, nimekula peke yangu, nimeshukuru.

Fomu inataka jina la mwenye kila nyumba. Bi Moza. Dada yake. La tatu nimeandika langu.