Konzi ya Maranda ya Jana

Mzee Mhando,

Shikamoo. Arobaini yako imepita, na bado nikifungua mlango wa nyumba ya panya wa majaribio nasimama kidogo, nikingoja uniambie nifute miguu.

Nakuandikia hapa Korogwe, kwenye meza yetu ya kazi. Saa kumi daktari anafunga ripoti. Ataandika kwamba ile dawa ya huzuni haifanyi kazi. Atakosea, na ninayejua sababu nimebaki peke yangu.

Unakumbuka alivyotueleza. Panya wahamishwe kizimba kila asubuhi, wachanganywe na wageni, mpaka wachoke roho. Nusu wapewe dawa, nusu wasipewe. Kisha wawekewe chupa mbili, ya maji matupu na ya maji ya sukari. Aliyechoka roho hata utamu haumvuti. Ukaninong'oneza, "Sisi tunapanga foleni ya sukari dukani tunaikosa, panya anaisusa." Nilicheka mpaka daktari akageuka.

Lakini kuhamishwa ulikujua. Serikali ilipowatoa Sindeni kuwapeleka kijiji kipya, mama yako alifunga majivu ya jiko la zamani kwenye kitambaa, akayamwaga katikati ya mafiga mapya. Basi hukuweza kuona kiumbe anahama mikono mitupu. Kila asubuhi, kwa wale wasio na dawa, ulichota konzi ya maranda ya jana, yenye harufu yao, ukaitia kwenye kizimba kipya. "Wenzao wana dawa," ulisema. "Hawa nao wawe na cha kwao."

Niliona, nikanyamaza. Ulipougua, nikaendelea kuwatilia mimi.

Maranda yamewaliwaza wasio na dawa, sasa makundi yote mawili yanakunywa sukari sawasawa, na daktari anasema dawa yake ni sawa na maji.

Ndiyo dawa aliyosema ataiombea kibali wapewe wagonjwa. Nami mgonjwa wangu ni Zaina, dada yangu. Tangu lori liwatoe nao Sindeni, yeye na mama, likawashusha kijiji kipya, hapiki, haitikii salamu, mwanawe akilia anamtazama kama mtoto wa jirani. Kila nikienda mama ananiuliza, "Dawa ya daktari wenu bado?" Namjibu bado, mama. Na mimi ndiye ninayeizuia.

Nikisema, jina lako litachafuka na huna mdomo wa kujitetea. Labda na kazini nitafukuzwa. Nimekukasirikia, mzee wangu. Uliondoka ukaniachia siri yako, na bado nakupenda, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Saa tisa na nusu. Naenda kubisha.

Nimerudi. Nimemwambia yote, yako na yangu. Hakufoka. Alivua miwani, akaiweka juu ya ripoti. Kisha akauliza, "Maranda kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa kiganja. Akaliandika hilo kwanza, ndipo akaichana ripoti.

Tunaanza upya Jumatatu. Safari hii makundi ni matatu: la dawa, la maranda, na lisilo na kitu. Hilo la tatu amenipa mimi. Nitawahamisha kila asubuhi bila konzi, nikiwaona wanavyojikunyata pembeni, na sitawapenyezea hata unyasi. Usinitazame vibaya huko uliko. Nikiwahurumia hao, Zaina hatapata dawa.

Dawa yenyewe itachelewa, hilo daktari amenieleza wazi. Kwa hiyo Jumamosi naenda Sindeni, kwenye mahame yetu. Zaina alipandishwa lorini kwa haraka, hakuna aliyekumbuka majivu. Kama mvua haijayachukua yote, nitachimba pale palipokuwa na jiko nipate hata kidogo. Nitayafunga kitambaani nimpelekee, niyamwage kwenye mafiga yake mwenyewe akiona.

Pumzika, mzee wangu. Miguu nafuta. Nakuahidi moto wa kwanza juu ya majivu hayo nitauwasha mimi, na nitakaa naye hapo mpaka chakula kiive.

Mwanafunzi wako,
Mwajuma