Mama, Pale Ulipopaacha Patupu

Kengele ya ng'ombe ndiyo huanza kusikika kwenye kinasa sauti chako. Kisha kandambili zako juu ya changarawe. Kisha wewe: "Shikamoo, mama. Hapa panaitwaje?"

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu presha ikuchukue ghafla, nyumbani Area D, viatu vyako vikiwa bado na vumbi la malisho ya Hombolo.

Chuoni ulikuwa Dokta Emiliana, mwanaanthropolojia. Vijijini walikuita Mwenye Kuuliza. Hukutoa neno la mfugaji nje kabla hujamsomea mwenyewe, akubali au akufutishe. Wakikusahihisha, ulicheka: "Nifundisheni, digrii yangu haijui nyasi." Na ukaomba uongezwe mlenda.

Ramani ya malisho na maji mliichora wewe na wafugaji kwa miaka sita. Bibi Loisi, mlinzi wa chemchemi ya matambiko, alikuomba usiichore, wageni wasije wakaichezea. Ukamheshimu. Pale ukapaacha patupu.

Mama, patupu pale ndipo panapotunyima usingizi. Wapima viwanja wamepasoma kwenye ramani yako kama pori lisilo na mwenyewe, na vigingi vyao viko hatua arobaini kutoka kwenye maji. Alhamisi ni siku ya mwisho ya kusikilizwa pingamizi. Ushahidi ni kinasa sauti hiki, ambamo Bibi Loisi anakusimulia habari za chemchemi tangu enzi za bibi yake. Tukinyamaza, maji yanakwenda. Tukiwasikilizisha watu bila ruhusa yake, tunavunja neno lako.

Jumapili tulimwendea. Aliposikia kengele kwenye kinasa sauti, akatabasamu. "Huyo Mabaka, ng'ombe wangu. Alikuwa mwizi wa mahindi huyo!"

Kisha akanigeukia. "Obedi, wewe pilipili. Alhamisi utakwenda kuwafokea wakubwa, wacheke, tukose vyote?"

Nilikuwa nimekusudia hivyo hivyo. Nikainamisha kichwa.

"Mama yako alinyamaza kwa ajili yangu," akasema. "Sasa nitasema mwenyewe. Na wewe je?"

Nikamjibu kwa sauti, wote wakisikia: "Bibi, nitakaa kando yako nimeshika kinasa sauti. Sitafungua kinywa mpaka umalize. Na kila nitakaloandika, nitakusomea kwanza."

Hata tangazo hili tumemsomea. Amefuta mstari mmoja.

Wanaokukumbuka, na walioisikia ahadi hiyo: mumeo Methusela, wanao Obedi na Yudith, mdogo wako Paulina. Hatutakusahau kamwe, Mama. Na Alhamisi, pale patupu patasemewa.