Tantine Pélagie amekwama mbele ya Mikelenge

Exaucée, acha kazi usome hii. Tantine Pélagie, dada ya papa, ananiua na kicheko!

Alitangaza katika korali nzima kama anaenda croisière, matembezi ya boti ya siku mbili juu ya muto Lualaba. Wamama walimuaga na machozi, eti anaenda mbali.

Leo asubuhi boti ikatoka. Dakika kumi, Exaucée. Dakika kumi tu! Ikakwama juu ya muchanga mbele ya Mikelenge, mutaa wake mwenyewe. Kapiteni akasema, "Programu inaendelea," akaweka muziki.

Tantine anaona nyumba yake. Anaona mbuzi ya jirani inakula mboga yake ya lengalenga, na hawezi kuifukuza! Haya ikamushika, akalala chini nyuma ya mizigo ili muntu asimuone.

Simu ikalia. Ni Mama Kabedi, mukubwa wa korali.

"Pélagie, safari iko namna gani?"

"Tuko mbali sana, dada. Huku ni pori tupu."

"Pori gani? Niko hapa kando ya maji, naona kitambaa chako cha manjano nyuma ya mizigo."

Tantine akasimama wima, akapunga mukono. "Basi kama unaniona, niletee chakula. Huku wanatupatia biskuti tu."

Exaucée, walikuja! Wamama kumi na wawili katika mutumbwi, na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Wakapanda wote.

Kapiteni anawalilia washuke, uzito wao unazidi kuzamisha boti katika muchanga. Mama Kabedi amemujibu, "Hakuna shida, papa. Hatuna haraka."