Siku Niliyompa Mdogo Wako Shikamoo

Somoe, mla panya wewe,

Usinune kwa kuanza hivyo. Ningeanza na "marehemu mpendwa" ungenicheka huko huko uliko. Tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji pamoja Chinongwe, wewe Mmwera na mimi Mmakonde, hatukuwahi kuitana kwa adabu hata mara moja. Watani hawapeani shikamoo. Watani wanatukanana, wananyang'anyana kitoweo, na ukifika msiba kwa wenzao wanakuja kumwigiza marehemu mpaka waliao washike mbavu. Ndivyo tulivyolelewa. Leo nakuandikia kwa sababu naogopa, na sina mwingine wa kumwambia ambaye hataniambia ninywe chai nilale.

Naogopa mdomo wangu. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, nachukua kile kipande cha kioo anachonyolea ndevu mume wangu, natoka nje penye mwanga, nakenua meno. Naangalia kama pande mbili za mdomo zimepanda sawa. Nainua mikono yote miwili juu, naona kama mmoja unashuka wenyewe. Halafu nasema kwa sauti, "Somoe Mmwera, mla panya asiye na haya!" Ulimi ukiyapitia yote bila kukwama, najua leo bado nipo. Majirani hapa Ruponda wanadhani nasali. Mume wangu Daudi anadhani akili zinaniruka. "Bernadeta, unamtukana nani alfajiri yote hii?" Nakutukana wewe, nani mwingine.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Ruangwa sasa ni wilaya yenye mkuu wake. Watu wana simu za mkononi, ingawa mtandao wenyewe lazima upande kichuguu. Na mimi nina presha. Ugonjwa tuliokuwa tukiuita wa mabosi wa mjini, nimeupata mie mlima ufuta. Nesi alinifunga ule mpira mkononi, akapuliza, akaangalia, akapuliza tena, akanyamaza. Somoe, ogopa nesi akinyamaza. Nikamwambia mbona siumwi popote? Akasema huo ndio ubaya wake, inakaa ndani kimya, siku ikiamka inakupiga kiharusi. Akanieleza mtu akipigwa anakuwaje. Mdomo unakwenda upande. Mkono unalegea. Maneno yanatoka yamevurugika. Nilishika meza, maana alikuwa ananieleza wewe.

Siku ile nilikuwa uani kwenye mafiga, nasonga ugali wa msiba wa mjomba wangu Lukasi. Wewe ulikuwa uwanjani umevaa koti lake, unamwigiza. Mjomba alikuwa mtu wa ugoro, aliubana ndani ya mdomo upande mmoja, kwa hiyo maisha yake yote alizungumza kwa pembe ya mdomo. Nilisikia watu wakicheka. Halafu kicheko kikazidi, kikawa cha watu kugaragara, na mama mmoja akapiga kelele, "Ndiye mwenyewe! Jamani, Lukasi amefufuka!" Mdomo wako ulikuwa umekwenda upande. Walikupigia makofi. Kadiri ulivyojitahidi kusema ndivyo ulivyozidi kufanana na mjomba, na wao wakazidi kucheka. Mpaka leo sijui ulikuwa unajaribu kutuambia nini.

Ulipoanguka ndipo wakanyamaza. Nilifika mbio na mwiko mkononi. Wazee wangu wakasema umezidisha utani, mjomba amechukia, amekubana mdomo. Wakaleta unga wa mtama, wakaanza kumwomba marehemu akuachie. Wanawake wakakuketisha, wakakunywesha uji upate nguvu. Unakukwama, unakohoa, macho yanakutoka, na wao wanasema mpeni tena, mpeni tena. Lori la korosho likapita barabarani kuelekea Nachingwea. Tulilisikia sote, hakuna aliyekwenda kulisimamisha. Na hapakuwa na mtu mbaya pale, Somoe! Wote walikupenda. Hilo linanitisha kuliko yote, kwamba mtu unaweza kufa katikati ya watu wanaokupenda na wakakusindikiza kwa bakuli la uji.

Mazishini kwako watu waliningoja mimi. Nilitakiwa nijifunge kanga yako, nitembee ule mwendo wako wa bata, nizuie njia ya kaburini niwaambie sipishi mpaka huyu Mmwera arudishe kuku wangu. Nilisimama pale, kanga yako mkononi. Nilikuwa naona mdomo wako tu. Ulizikwa kavukavu, bila mtu kucheka, kama mgeni. Tangu hapo sikufanya tena utani kwenye msiba wowote. Watu wakasema Bernadeta amekuwa mchungu. Mie naogopa tu, jamani, si uchungu.

Mwaka juzi akaja daktari kutoka Dar kuzungumza na sisi watu wa presha, pale Nachingwea. Kijana mpole, anafutafuta miwani. Akasema kiharusi si pepo wala hasira ya marehemu, ni mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Akasema nchi za mbali wanapiga picha ya kichwa, wakikuta damu imeganda wanachoma dawa ya kuiyeyusha, na mtu aliyeletwa amebebwa anaweza kuondoka kwa miguu yake, mradi awahi zile saa chache za mwanzo. Nikanyoosha kidole, nikauliza hiyo mashine ya picha iko wapi. Akasema iko Dar. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana masika magari ya Dar yanalala njiani mpaka abiria wanapika. Naye akacheka kidogo, kisha akaangalia chini.

Dawa ipo, Somoe. Ipo duniani, haijafika kwetu tu. Mshipa wa Mmwera na mshipa wa Mzungu inaziba namna moja, lakini mmoja anachomwa sindano na mwingine anafukizwa. Nilirudi nyumbani nimeshika roho mkononi. Zamani nilikuwa sijui, nikalala. Sasa najua, na kujua kwenyewe hakunipi gari wala hiyo mashine. Hata vidonge vya presha kuna miezi unafika zahanati unaambiwa vimeisha, jaribu wiki ijayo. Damu nayo inasubiri wiki ijayo?

Lakini yule kijana alisema pia, tusikae tukilia. Tumeze dawa kila siku zikiwepo, tuangalie mdomo, mikono na maneno, na mtu akipigwa tumkimbize hospitali pale pale. Tumlaze ubavu. Tusimpe kitu chochote mdomoni, iwe maji, iwe uji, kwa sababu koo limesahau kumeza na uji unaingia kwenye mapafu. Aliposema uji nilitoka nje.

Sasa nikwambie ya Hamisi. Mdogo wako huyo ndiye aliyerithi wazimu wako wote. Misiba yote ya Wamakonde toka Chinongwe mpaka huku, yeye yumo, watu wanamtuma mtu kumfuata kama anavyofuatwa sheikh. Mwaka huu, ufuta umeshapigwa, shangazi yangu akafariki Nambilanje, na Hamisi akaja. Akajifunga kanga za shangazi, akashika fimbo yake, akaanza kumwigiza anavyochechemea. Shangazi mguu wake mbovu ulikuwa wa kushoto. Hamisi akawa anauburuta wa kushoto, anatukana kila mtu, uwanja mzima unacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Siku hizi siwaangalii watu machoni, nawaangalia midomoni.

Mara nikaona anaburuta mguu wa kulia.

Nikajiambia amesahau. Fimbo ikamdondoka mkononi, mkono ule ule wa kulia. Akainama kuiokota, mkono ukaipapasa hewa. Alipoinua uso mdomo ulikuwa umekwenda upande, na watu wakapiga makofi. Yale yale makofi, Somoe! Nikaruka nikapiga kelele, "Acheni! Huyu anaumwa!" Unajua walifanya nini? Walicheka zaidi. "Bernadeta amerudi kwenye utani wake!" Nikamshika Hamisi mabega, nikalia, nikang'oa kilemba changu nikakitupa chini. Wakazidi kushangilia. Mjukuu mmoja wa marehemu akaja akajiangusha miguuni kwangu anaburuta mguu, naye anataka kuchekesha. Kila nilichofanya kilikuwa utani, kwa sababu mimi ni mtani na huyu ni mtani. Niliwaza, huyu naye anakufa hapa wanamshangilia, na safari hii nipo mbele, naona kila kitu, na hawanisikii.

Sijui nani aliniambia, labda wewe. Nilipiga magoti mbele yake vumbini. Mimi, niliyemfuta kamasi alipokuwa mdogo! Nikainamisha kichwa, nikasema polepole kila mtu asikie, "Shikamoo, kaka Hamisi, mtoto wa Mzee Saidi. Nakuomba ukae chini."

Kimya kikaanguka pale uwanjani, ukasikia mpaka kuku. Mtani kumpa mtani shikamoo, tena mkubwa kwa mdogo, tena msibani! Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Hapo ndipo wakamtazama Hamisi kwa macho yao, wakaona.

Basi tukakimbizana. Mkewe Mwanahawa akaja mbio na bakuli, na ukweli nilimpiga kofi mkononi uji ukamwagika wote, ataniwia radhi baadaye. Tukamlaza ubavu kwenye kitanda cha kamba. Shemeji yake akapanda kichuguu kupiga simu, tukapata pikapu ya mnunuzi wa ufuta. Wazee wawili walikuwa wameshaanza kutafuta unga, nikawaambia watambike sisi tukiwa njiani, marehemu atasikia tu. Nikapanda nyuma nimemshikilia kichwa. Ile barabara unaijua. Nilimtukana njia nzima, Somoe, matusi yote ya Wamwera niliyowahi kuyajua, kwa sababu kila nikinyamaza alikuwa anafumba macho.

Pale hospitali Nachingwea walimpokea vizuri. Mashine ya picha hawana, kwa hiyo hakuna anayejua mpaka leo kama ni mshipa uliziba au ulipasuka. Presha yake daktari aliiangalia akatikisa kichwa. Kumbe Hamisi alishawahi kupewa vidonge, vikaisha zahanati, naye akaona haumwi akaacha. Walichokuwa nacho walimpa. Walimjaribu kwanza na kijiko cha maji kabla ya kumlisha, wakamgeuza mara kwa mara asipate vidonda, na hata kabla hajaweza kukaa alikuja mama wa mazoezi kumkunja na kumkunjua ule mkono. Nilisimama mlangoni nikitazama kijiko cha maji kinavyoingia mdomoni. Kijiko tu, Somoe.

Yu hai. Mguu umeanza kurudi, anatembelea gongo. Mkono bado unaning'inia. Maneno ni machache, anayatafuta mpaka jasho linamtoka. Nikienda Chinongwe kumwona nilikuwa namwamkia kwa adabu, "Shikamoo, kaka Hamisi, umeamkaje?" na kila nikisema hivyo alikuwa analia. Nilidhani ni ugonjwa, waliniambia wagonjwa hawa hulia ovyo. Juzi juzi ndio nikaelewa. Shikamoo yangu ilikuwa inamwambia bado anakufa. Nikavuta kigoda, nikamwambia, "We mla panya, mpaka lini utamtumikisha Mwanahawa wa watu?" Nusu ya mdomo wake ikacheka. Halafu akahangaika weee, akahangaika, mpaka akatoa: "Mma...konde... mwizi."

Nililia mie sasa.

Hofu haijaisha, nisikudanganye. Vidonge vyake vikikaribia kwisha nawahi zahanati kabla hawajafungua, nimesikia kiharusi kikipiga mara moja kinarudi. Vyangu navyo hivyo hivyo. Lakini watani tumekaa, Wamwera kwa Wamakonde, tukakubaliana. Msibani, yeyote anayeigiza akiitwa kwa jina la baba yake na kupewa shikamoo, lazima asimame, ainue mikono yote miwili, na aseme jina lake. Asipoweza, utani umekwisha, anatafutwa mwenye gari. Na uji marufuku. Mzee mmoja akalalamika kwamba tunaharibu mila. Mwanahawa akamjibu yeye mila yake anaiona kila siku inajifunza kutembea.

Kwa hiyo sikiliza ahadi yangu. Korosho zikiisha kuokotwa nakuja Chinongwe, kaburini kwako. Nitajifunga kanga, nitatembea mwendo wako wa bata, nitadai kuku wangu mbele ya watu wote, na utachekwa inavyokupasa. Naogopa hata sasa ninapoandika. Lakini Hamisi atakaa mbele kwenye kiti, hatacheka. Kazi yake ni kutazama mdomo wangu. Akiinua ule mkono wake mzima, wote wananyamaza.

Lala, mla panya. Shikamoo sikupi.

Ni mimi Bernadeta, ambaye leo asubuhi mdomo wake ulikuwa sawa.