Vitufe Vipya kwenye Gita la Wekesa

Mwanangu Wekesa, uliye mbali nasi,

Gita lako la besi limekamilika. Nimeliegemeza kwenye kiti kirefu cha sebuleni, na mama yako amelifunika kwa kitambaa cha mezani ili lisishike vumbi. Nilipokuarifu kwa simu kwamba fundi Nyongesa amelikabidhi, ulishukuru haraka haraka kisha ukakata. Nakuandikia sasa kwa sababu nina neno ambalo simu haikulibeba, na kwa sababu nimekushuku, mwanangu, tangu kilipofika kile kifurushi.

Kililetwa na mwenzako aliyerudi likizo kutoka huko Ghuba mnakofanya kazi katika ghala moja. Nilikifungua mezani na kupanga vilivyokuwamo kimoja kimoja: kibao chembamba kilichojaa waya, kishikio cha betri, vitufe vinne vikubwa vya kuzungusha, na swichi mbili. Mama yako alichungulia akauliza, "Ni redio?" Baadaye ulinitumia ujumbe wa sauti: "Baba, mpelekee Nyongesa hapo Tuwan, Kitale. Nimemweleza yote. Wewe usijisumbue kuuliza." Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na mtoto aliyeniambia nisijisumbue kuuliza ndiye niliyeanza naye.

Unakumbuka jinsi nilivyolichukia gita hilo lilipoingia nyumbani? Kwaya yetu ya kanisa ilikuwa na sauti nne zilizofundishwa vizuri, tena kwa noti, nawe ulikuja na mti wenye nyuzi nne nene na spika kubwa kama kabati. Nilisimama nyuma ya kanisa nikitega sikio, nisisikie kitu. Nilikuuliza kama kweli linapiga au unajifanya. Ulicheka, ukasema, "Baba, besi utaisikia siku itakayokosekana."

Siku hiyo ilikuja harusini Moi's Bridge. Tulikuwa katikati ya wimbo wa kuwaingiza maharusi, umeme ukapotea. Waimbaji waliendelea, kinanda kidogo cha betri kiliendelea, lakini wimbo wenyewe ulianza kuyumba kama mtu aliyevuliwa kiatu kimoja. Sauti ya tatu ilishuka, sauti ya nne ikaifuata, na mimi mwenye kuongoza nikabaki nikipunga mikono hewani. Nilikutazama. Ulikuwa umesimama na gita lisilolia, vidole vya mkono wako wa kuume bado vinatembea juu ya nyuzi, ukitupigia besi ambayo hakuna aliyeisikia. Tangu siku hiyo sikukuuliza tena kazi ya gita lako.

Kwa sababu hiyo sikumwamini Nyongesa. Watu wameangusha transfoma nzima kwa ajili ya shaba, na wewe mwenyewe uliwahi kunieleza kwamba chini ya nyuzi za gita zimo sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na kwamba zako ni za zamani, hazipatikani tena. Nilikataa kuliacha gita kibandani kwake. Nilimwambia atafanyia kazi barazani kwangu, mbele ya macho yangu.

"Mwarimu, si uniamini tu, bana," alisema huku akishusha vyombo vyake kwenye pikipiki. "Ati unafikiri nitakura hizo waya?"

"Sijasema utazila. Nimesema nitakaa hapa."

"Basi kaa. Lakini usinisaishie makosa kama kule shureni."

Nilikaa. Alipotoboa mbao kwa keekee niliumia kama kwamba aliyetobolewa ni mimi. Matundu ya vitufe vya zamani, yale yaliyokuwa chini upande wa kulia, aliyaziba. Kisha akatoboa mengine juu, kwenye ile pembe ya gita iliyo karibu na shingo. Nilimuuliza kwa nini anahamisha kitu kilichokuwa mahali pake.

"Uriza mwenye gita," alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi naweka pare nimeambiwa."

Nilikuuliza. Ulisema, "Ndiyo mtindo wa siku hizi, baba." Hapo tuhuma zangu zikaacha kibanda cha Tuwan zikakugeukia wewe. Kwani ni lini ulifuata mtindo? Vijana wa bendi walipobandika vibandiko kwenye magita yao, ulikataa ukisema gita si mlango wa kinyozi. Mkanda wako wa bega ulikuwa ni ule ule wa ngozi mpaka ukakatika, nawe ukaushona. Nilifikiri umepata mwaliko wa kupiga katika vilabu vya pombe, na kwamba kile kibao cha waya ni cha kuongeza kelele ili walevi wasikie. Nilimwambia mama yako hivyo. Yeye alisema tu, "Mtoto wako si mlevi," akaendelea kuchambua mboga.

Ilikuwa siku hiyo hiyo ya kutoboa ndipo mjomba wako Barasa alipofika kutoka Ndalu, na kuku chini ya kwapa. Nililiona hilo pia kuwa jambo la kushuku. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na kila mtu alikuwa shambani akipalilia. Nani anaacha jembe wakati kama huo aje kumsalimia shemeji yake?

Unajua kwetu mgeni huulizwa habari mara mbili. Akiingia huulizwa, naye hujibu kuwa ni njema, hata kama ameacha nyumba yake inaungua. Akishakula, mwenye nyumba humuuliza tena habari za alikotoka, na hapo ndipo hutoa kilichomleta. Asipoulizwa mara ya pili hawezi kuanza mwenyewe. Atakuwa amemvunjia mwenyeji heshima.

Sikumuuliza mara ya pili. Niliamini amekuja kuazima pampu yangu ya kunyunyizia dawa, ile ambayo mara ya mwisho aliirudisha bila mpira. Kwa hiyo alipomaliza kula nilianza kumweleza habari za viwavi, kisha za mvua, kisha nikamwita aje barazani amwone Nyongesa anavyolichimba gita la mpwa wake. Barasa alisimama akavitazama vile vitufe kwa muda mrefu.

"Wekesa mmeongea?" aliniuliza.

"Tunaongea kila wiki."

"Amekwambia nini?"

"Ameniambia ni mtindo wa siku hizi. Na wewe unaamini, shemeji?"

Barasa alivaa kofia yake. Mama yako alimfungia maharagwe, naye Barasa akaenda zake bila kuitaja pampu. Nilijipongeza.

Baada ya Nyongesa kulikabidhi gita, niliamua kulichunguza mwenyewe. Nililiunganisha na ile spika yako ndogo ya mazoezi, kwa kuwa nilitaka kujua hizo kelele za vilabu zikoje. Mama yako aliniletea chai. Nilipokea kikombe kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto nikalishika gita shingoni nilisogeze lisianguke. Kidole kimoja kilibonyeza uzi mnene. Wekesa, spika ilitoa sauti nzito, nzima, iliyonyooka, mpaka chai ikatikisika kikombeni.

Nilibonyeza tena, nikidhani nimegusa kitu kingine. Sauti ile ile. Nikasogeza kidole, sauti ikapanda. Nilikaa hapo nikiwa na kikombe mkononi, nikipiga gita kwa mkono mmoja, mimi nisiyejua kupiga hata ngoma.

Najua kidogo jinsi ulivyokuwa ukipiga. Mkono wa kushoto ulichagua mahali pa kubonyeza, na wa kuume ukakwanyua. Bila huo wa kuume, uzi ulinong'ona tu. Sasa kile kibao na betri yake kinachukua mnong'ono wa kidole cha kushoto na kuufanya sauti kamili. Nikaviangalia vitufe vipya pale juu, karibu na shingo. Niliushusha mkono wangu wa kushoto kidogo tu, nikavifikia vyote vinne bila kunyoosha bega. Swichi nazo ni kubwa, za kusukumwa kwa upande wa kiganja. Chini kulia, mahali ambapo mkono wa kuume ungepumzika, hamna kitu. Pamezibwa na kupigwa msasa.

Niliweka kikombe chini. Hakuna mtu mwenye mikono miwili anayehitaji gita la namna hiyo.

Nilimwita mama yako nikamwonyesha. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alisema kwamba tangu wiki zile ulizokaa kimya ukidai simu imeharibika, kila unapotupigia simu ya video tunaona uso wako na dari. Hujapunga mkono hata mara moja. "Niliona," alisema. "Nikajiambia ni mimi mwenye hofu za kike."

Nikampigia Barasa.

"Shemeji, siku ile ulikuja na neno."

"Nilikuja na kuku, Mwalimu."

"Barasa. Ni mkono?"

Alisogea mbali na ng'ombe wake waliokuwa wakilia. "Hayo ni ya kukaa chini," alisema. "Si ya simu. Nitakuja Jumamosi. Na safari hii, tafadhali, uniulize."

Kwa hiyo sijaambiwa. Barasa anaishika desturi, na hiyo ndiyo sababu ulimchagua, kwani habari ya mwili wa mtoto hupitia kwa mjomba kwanza. Sikulaumu. Lakini Jumamosi ni mbali, na siku hizi ninalala nikiutafuta mkono wako katika kila jambo ulilolisema. Uliposema kazi ya ghalani imepungua, ilipungua kwa nini? Uliposema umehamishiwa kuhesabu mizigo badala ya kuendesha mashine, ni nani aliyekuhamisha, na kwa sababu gani? Uliposema huenda ukarudi mwaka huu, kisha ukasema huenda usirudi, ulikuwa ukimwogopa nani?

Nadhani ninajua. Ulikuwa ukiniogopa mimi. Huogopi kwamba nitalia. Hujawahi kuniona nikilia na huenda huamini kwamba ninaweza. Unaogopa uwanja wangu siku utakaposhuka kwenye gari: wazee wamekaa mstari mmoja, mimi wa kwanza, na kila mmoja amenyoosha mkono. Kwetu mkono wa kushoto haupewi mzee. Umelelewa hivyo, nami ndiye niliyekulea. Ninaona umeipiga picha hiyo kichwani mara nyingi, ukaona afadhali ubaki huko katika nchi isiyo yako kuliko kusimama mbele ya baba yako na kumpa mkono wa matusi.

Hii ndiyo sababu nimeamua barua hii isomwe na wote, katika jarida letu la kanisa, Kitale na Bungoma. Kama nimekosea, mikono yako yote miwili ni mizima na gita hili ni mtindo tu, basi kata nzima inicheke na nitacheka pamoja nao. Hakuna kosa nitakalolifurahia zaidi. Lakini kama sikukosea, nataka kila mzee atakayekaa kwenye mstari ule awe ameshasoma haya, asije akasita hata kwa kupepesa jicho.

Sijui ni vidole vilivyokwenda au ni kiganja chote. Sijui kama kunauma usiku. Sijui kama kulikuwa na mtu wa kukushika bega siku hiyo, na hili la mwisho ndilo linalonikosesha chakula. Ninachojua ni kwamba mtu aliyekata tamaa hanunui vitufe vinne na kuvituma nyumbani. Ulikuwa umekaa mahali fulani, umejeruhiwa, unapanga jinsi utakavyopiga besi. Nilipolielewa hilo, tuhuma zangu zilikwisha, nikabaki na fahari ambayo si desturi yangu kuisema.

Kwaya inayumba, Wekesa. Kijana waliyempa nafasi yako anapiga kwa nguvu na hasikilizi. Sikuandikii ili kukuhurumia. Nakuandikia kwa sababu sauti ya nne inashuka.

Rudi nyumbani. Usiweke mkono mfukoni, wala usiufunge kwa leso. Ukishuka, usianze na wazee wengine, njoo kwangu moja kwa moja, na unipe wa kushoto mbele ya watu wote. Nitaupokea kwa mikono yangu miwili.

Anayekungoja uwanjani,
Baba yako