Anayemlisha Baba

Mbinga,
Jumanne, 10 Machi

Kaka Dunstan,

Shikamoo. Naandika shikamoo hii kwa sababu Baba alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Natumaini inakukuta mzima huko Songea, wewe na wifi na watoto. Huku tunapumua. Getrude wangu alishikwa na mafua, yamepungua. Mvua ni nyingi, na baridi inamsumbua Baba mguu. Tangu uondoke nimekupigia simu mara tatu, mara tatu umekata. Barua hutaweza kuikata katikati.

Kaka, ulikaa kwangu siku tatu. Jumapili ile, tulipotoka kanisani, mbele ya Baba Mdogo Bartholomayo na mkewe, ulisukuma sahani ukasema nawalisha watu kama mahabusu: leo ugali na dagaa wa usipa, kesho ugali na majani ya maboga, keshokutwa usipa tena. Ulisema Baba amekonda. Halafu ukatamka neno ambalo mpaka leo limenikwama kooni, kwamba pesa unayotuma ya chakula cha Baba tunaila mimi na wanangu.

Pesa gani, Kaka? Tangu nimtoe Baba kule Mbaha, mwaka juzi, mguu ulipomshinda kushuka ziwani, hujatuma hata chumvi. Hilo unalijua.

Ngoja nikueleze ile sahani ilivyofika mbele yako. Tangu mume wangu afariki naishi kwa vibarua. Msimu wa kahawa nachambua kahawa, sasa hivi napalilia mashamba ya watu Mpepai. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya bado mabichi, kwa hiyo unga wa mahindi nauchanganya na wa muhogo. Usipa nanunua jioni ya siku ya gulio, wakati akina mama waliotoka nao ziwani wanataka kurudi kwao, maana hapo fungu huongezwa. Vichwa situpi. Navitwanga na karanga, ndiyo mboga ya kesho. Maharage naloweka tangu jana yake ili kuni zisiniishie. Baba anapakuliwa kwanza, watoto wanafuata, mimi nakwangua sufuria. Ndivyo ninavyoila pesa yako. Na yule samaki, mbasa mzima, uliyemsifia Ijumaa, nilimpata kwa kuuza kitenge changu kipya, kwa kuwa kaka yangu anakuja.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni Jumamosi, Baba alipokushika mkono akakushukuru kwa unga na samaki unaomletea kila juma. Nilikutazama. Nilidhani utashtuka, utauliza unga upi. Wewe ukatulia, ukajibu, "Ni wajibu wangu, Baba." Ukapokea shukrani za chakula ambacho hata harufu yake hukuijua! Na ulipoona Baba anaamini, kesho yake ukapata la kunitukania.

Sasa na mimi niungame. Baba hakuota jambo hilo. Mimi ndiye niliyemdanganya. Miezi ile ya kwanza alikuwa akikuulizia kila siku, akakataa kula, akisema aliyezaa mtoto wa kiume halishwi na mjane. Masikio yake hayasikii tena simu, basi nikaona njia rahisi. Nikamwambia, "Kula, Baba, Dunstan ametuma." Akala. Kesho yake nikasema tena. Miaka miwili, kila akiombea chakula, amekuwa akimshukuru Mungu kwa mkono wa Dunstan, nami naitikia amina. Nilitaka ale. Nilificha pia aibu, asijue kwamba mwanawe amemsahau. Nilikosa. Hata Getrude nimemfundisha uongo, maana naye alikuwa akimpelekea babu yake sahani akisema, "Mjomba ametuma."

Jana nilimweleza yote. Nilipiga magoti nikasema karibu na sikio lake. Aliacha chakula kikapoa. Kisha akauliza kama hata uji wa asubuhi ulikuwa wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza na dawa ya mguu. Nikasema ndiyo. Akaagiza Baba Mdogo na mkewe waitwe. Walipoketi, aliwaambia kwa ile sauti yake ya ukatekista, "Mliambiwa hapa kwamba Avelina anakula pesa yangu. Anayenilisha ni yeye." Akavuta sahani, akaombea chakula, akalitaja jina langu, akala usipa wa baridi mpaka akamaliza.

Nililia, Kaka, na yalikuwa machozi ya hasira. Kumbe ilibidi nitukanwe kwanza kwenye nyumba yangu ndipo nisikie jina langu katika sala ile.

Sikuombi unga. Nataka uje usimame mbele ya walewale uliosema mbele yao, uyafute maneno yako kwa mdomo uleule. Ukija utakuta ugali na usipa, na utakula.

Wifi na watoto hawana kosa, wape salamu zangu zote. Baba Mdogo na mkewe wanakusalimu. Nilimwuliza Baba nikuandikie nini kwa upande wake. Alisema nisiandike kitu, salamu zake utazifuata mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Avelina