Aseme Kwanza, Ndipo Atoke

Mjomba wangu mpendwa,

Mwanao Omari hajapata cheti chake cha ualimu, na aliyesababisha ni mimi. Nalisema mwanzoni usije ukadhani nakuzungusha. Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, maana huku Marui kila nyumba ina lake la kusema juu ya jambo hili, na wewe ambaye ungependa kulisikia kwa utaratibu tumekwisha kukuzika.

Utaratibu ulikuwa ugonjwa wako, mjomba. Nakukumbuka hapo chuoni Kisarawe kabla ya vita, ukiwa katibu wa kamati ya masomo, unachovya kalamu mara mbili kabla ya kuandika neno moja. Walimu sita na mkuu wa chuo, Mzungu, mlikaa kila mwezi kuamua vijana wafundishwe nini, kwa muda gani, nani amefaulu na nani arudie. Mliwahi kubishana asubuhi nzima kama kilimo ni somo au ni kazi tu ya kutoa jasho. Ulisoma kumbukumbu za kikao kilichopita toka mwanzo hadi mwisho, hata kama wote walikuwapo, na mwalimu wa hesabu akipiga miayo ulirudia mstari uleule. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nafagia chini ya dirisha lenu polepole ili nikusikie. Nilijivuna sana kuwa mpwa wako.

Kanuni ya ndugu uliitunga wewe: mwanafunzi akijadiliwa, mjumbe aliye ndugu yake atoke nje. Wenzako waliikubali upesi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtoto wa shemeji mahali fulani na amechoka kuombwa.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimetumwa Marui, kijijini kwetu wenyewe, kufanya mazoezi ya kufundisha. Masomo kumi na mawili, na kila somo liwe na watoto wasiopungua kumi na watano. Kumi na moja yalikwenda vizuri. Siku ya kumi na mbili msimamizi alipokuja alikuta watoto wanne. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa bondeni, na wewe unajua, mjomba, mpunga ukikomaa watoto wa Marui wanashinda shambani kuamia ndege, wanapiga kelele na makopo hadi jua linazama. Hakuna mzazi atakayewaachia ndege chakula cha mwaka ili mwanawe akasikilize habari za mito ya Ulaya.

Kikao kilipofika kwenye jina langu ulifunga wino, ukasimama, ukatoka. Ulikaa kwenye benchi la nje umeshika kofia yako mkononi. Ndani walibaki watu wa Tanga, wa Bukoba, wa Songea, na Mzungu wetu. Yaliyosemwa niliyasoma miaka mingi baadaye, katika daftari la kumbukumbu, kwa mwandiko usio wako. Mkuu aliuliza kwa nini watoto hawakuja. Mwalimu wa hesabu akajibu, "Labda wamemchoka." Wakaandika kwamba nimeshindwa kuvuta wanafunzi, nirudie mwaka. Shule moja huko Mlandizi ilikuwa inaningoja, na mama alikwisha ninunulia kanzu ya kwendea. Nafasi ile akapewa mwingine.

Nilikufuata nyumbani kwako bila hata kubisha hodi.

"Mjomba, ulijua kwamba ni msimu wa ndege?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nje, Salehe."

Ulilisema kana kwamba linatosha. Mama, dada yako wa tumbo moja, alilia jikoni akisema, "Kaka yangu katoka nje mwanangu anachinjwa!" Mwaka mzima nilipita mbele ya baraza lako nikitazama upande wa pili. Nilikuchukia, mjomba. Sikuwahi kukuambia kwa neno hilo, basi nakuambia leo.

Nilirudia, nikapata cheti, nikafundisha Mlandizi na kwingineko, na baada ya vita wakaniita chuoni. Wewe ulikuwa umestaafu, unalima Marui, na mimi nikakalia kiti chako cha ukatibu. Jambo la kwanza nililotaka kubadili lilikuwa kanuni yako. Nilikuja kukuomba ruhusa, ingawa mdomoni nilisema nimekuja kukujulia hali. Nilitaka ndugu aulizwe anachojua, kisha atoke asiamue. Ulisikiliza huku ukimenya muhogo. Ukasema, "Weka neno 'kwanza'. Aseme kwanza, ndipo atoke. Bila hilo watabishana mpaka adhuhuri." Halafu ukaongeza, bila kunitazama, "Ningesema mambo ya ndege." Siku ile ndipo nilipokusamehe, na chai tuliyokunywa naikumbuka ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Sasa la Omari. Alikuwa katika mazoezi yake Kibuta ulipofariki. Chuo kilimpa siku saba za msiba. Ilipofika arobaini yako, siku ya Alhamisi, aliona haya kuomba ruhusa tena, akaja Marui kimyakimya. Nilimwona kwa macho yangu akizungusha sinia za pilau, kakunja mikono ya kanzu, anawahimiza wazee kula. Mwisho wa muhula madaftari ya mazoezi yaliletwa mbele ya kamati, moja baada ya jingine. Katika la Omari, Alhamisi ile imeandikwa: jiografia, wanafunzi ishirini na wawili, somo limeeleweka.

Mkuu akasema, "Katibu, huyu ni ndugu yako. Unalo la kusema?"

Mjomba, ningeweza kusema sina. Chini ya kanuni yako ya zamani ningekuwa nimekwisha kaa nje, na Omari angepita. Nikasema, "Alhamisi hiyo hakufundisha. Alikuwa Marui, kwenye arobaini ya baba yake. Nami nilikuwapo." Nikafunga wino, nikatoka.

Benchi lile bado lipo, na ni gumu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotaka. Waliponiita waliniambia kwamba wamemsamehe kutokuwapo kwake, mtu hamwachi baba yake. Kuandika somo ambalo halikuwapo ndiko hawakusamehe. Arudie mazoezi, muhula mzima.

Omari alikuja kwangu jioni ileile. Hakuketi.

"Ungenyamaza tu, kaka. Nani angejua?"

"Mimi."

"Basi ungejua peke yako!" Akaondoka. Mkeo hajanipokea mkono tangu siku hiyo, na sina cha kumlaumu. Siku nyingine naamini nilifanya haki, siku nyingine naona nimekulipa ubaya kaburini. Kama ungekuwapo ningekuuliza, na najua ungetaka kwanza kusomewa kumbukumbu.

Wiki iliyopita muhula ulikwisha. Mimi siruhusiwi kumpima, ila katibu ndiye anayekusanya madaftari, basi nilikwenda Kibuta. Darasa lilikuwa limejaa. Omari alinipa daftari lake, akarudi ubaoni. Nilifungua kuangalia masomo mapya, yote yapo. Kisha nikarudi nyuma, kwenye ukurasa wa muhula uliopita. Mstari wa Alhamisi ile ameukata kwa rula, na chini yake, kwa wino, ameandika: "Sikufundisha. Nilikuwa namzika baba yangu kwa mara ya pili."

Hakuna kanuni inayomtaka mwanafunzi kuandika hivyo, mjomba. Nimetia sahihi yangu papo hapo, chini ya maneno yake.

Lala salama. Mungu akunyooshee njia.

Mpwa wako,
Salehe